Kibao cha Mlangoni na Mtoto Ajuaye Kusoma

Hapa Kiptere mvua imenyesha vema na chai yachipua upesi kuliko mikono ya wachumaji. Leo napenda tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukipita njiani, akakitazama, wala asikione. Kitu hicho ni maandishi yaliyopo mlangoni na ukutani mwa nyumba ya kuuzia pombe.

Siku moja, majira ya bonasi ya chai, nilikuwa nimeketi kivulini kando ya barabara nikingoja gari. Karibu nami aliketi mzee mmoja, mkulima wa chai, pamoja na mjukuu wake mwenye umri wa miaka 12 hivi. Mzee yule hakupata kwenda shule, lakini alijivunia sana kwamba mjukuu wake ajua kusoma, akawa anamjaribu kwa maandishi ya nyumba iliyotuelekea, ambayo ni baa.

"Soma pale," akamwambia.

Mtoto akasoma jina la bia.

"Na pale juu ya dirisha?"

Akasoma jina la bia nyingine, na maneno ya kuisifu. Akasoma bei. Akasoma kwamba Jumamosi kutakuwa na nyama choma na muziki, na mwisho wake pameandikwa, "Karibuni nyote."

"Kugo," akasema, maana ndivyo wajukuu wa Kikipsigis wamwitavyo babu yao, "nimemaliza ukuta mzima."

Mzee akacheka kwa furaha, akatoa fedha mfukoni ili mtoto akanunue andazi. Lakini mimi sikucheka. Niliutazama ukuta ule kutoka pembe moja hata pembe ya pili, nikatafuta neno moja tu lililopaswa kuwapo kwa ajili ya mtoto yule, la kusema kwamba mtu asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuuziwa wala kupewa pombe. Neno hilo halikuwako. Lililokuwako ni "nyote," na mtoto alilisoma vizuri, naye bila shaka alijihesabu kuwa mmoja wao.

Basi tuulize, sheria yasemaje? Sheria kuu ya vileo katika Kenya ni ile iliyotungwa mwaka 2010, ikaanza kutumika tarehe 22 Novemba mwaka huo. Watu wengi huiita Sheria ya Mututho, kwa kuwa aliyeipeleka Bungeni ni Bwana John Mututho, ambaye wakati ule alikuwa Mbunge wa Naivasha. Sheria hiyo iliondoa sheria mbili za zamani, yaani ile ya leseni za pombe na ile ya mwaka 1980 iliyopiga chang'aa marufuku, ikaweka sheria moja mahali pake. Kwa habari ya maandishi, yataka mambo matatu ambayo kila mwenye macho aweza kuyahakikisha mwenyewe.

Jambo la kwanza ni leseni. Leseni itundikwe mahali pa wazi katika nyumba ile ile iliyotolewa kwa ajili yake. Isikae nyumbani kwa mwenyewe, wala ndani ya sanduku, wala chini ya meza ya kuuzia. Mtu aliyeilipia leseni yake kwa halali na asiitundike bado ametenda kosa. Jambo la pili ni ilani ya umri. Kila auzaye kwa rejareja apaswa kubandika ilani ya kuujulisha umma kwamba kumwuzia au kumpatia kileo mtu asiyetimiza miaka 18 kumekatazwa na sheria. Jambo la tatu ni chombo chenyewe, yaani chupa au kopo. Hicho chapaswa kuwa na maneno ya kuonya, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, yakichukua nafasi isiyopungua sehemu 30 katika kila 100 za uso wake. Maonyo hayo yasema, kwa mfano, kwamba kunywa kupita kiasi huharibu ini, na kwamba mlevi asiendeshe gari wala mashine.

Zaidi ya hayo, sheria hiyo yaagiza nyumba ya pombe iwe mbali na shule kwa mita 300 au zaidi. Na kwa baa ya kawaida saa zilizowekwa mwaka ule wa 2010 ni kuanzia saa 11 jioni hata saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana hata saa 5 usiku siku za Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mwenye kufungua asubuhi, wakati watu wako shambani na watoto wako njiani kwenda shule, hawezi kujitetea kwamba hakuambiwa.

Mwaka 2025 Serikali ilitangaza sera mpya ya kupambana na ulevi, nayo ikapendekeza umri upandishwe kutoka miaka 18 hata miaka 21. Kulikuwa na kelele nyingi mijini na vijijini, na wengine wakadhani kwamba jambo limekwisha kuwa amri. Yafaa tukumbuke kwamba sera si sheria. Sera hueleza nia, na sheria haibadiliki mpaka imebadilishwa kwa njia yake.

Tena yafaa kujua ni nani mwenye kazi hii. Katiba ya 2010 iliweka utoaji wa leseni za pombe mikononi mwa serikali za kaunti, na katika orodha hiyo hiyo ikawapa kaunti uangalizi wa matangazo ya nje, yaani vile vibao na picha za barabarani. Kwa hiyo bango kubwa linaloita wanywaji na karatasi ndogo inayokataza watoto viko chini ya serikali moja. Mtu wa Kiptere mwenye neno juu ya mojawapo hana haja ya kufunga safari ya Nairobi. Shauri lake ni la Kericho.

Sasa msomaji mmoja ataniuliza, "Je, kwa nini sheria ijisumbue na karatasi? Mlevi ni mlevi, kibao kiwepo au kisiwepo." Swali hili si la kipumbavu, na jibu lake laanzia mbali.

Hapo kale wazee wa Kipsigis walikunywa pombe yao wakiwa wameuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Hapakuwa na haja ya kibao. Mwenye mji alijulikana, aliyepika alijulikana, na nafaka iliyotumika ilijulikana imetoka shamba gani. Kijana hakuthubutu kuja kuketi pale na kushika mrija, kwa sababu macho ya wazee yalikuwa ndiyo ilani. Lakini leo pombe yatoka kiwanda kilicho mbali, yaletwa na gari, yauzwa na msichana aliyeajiriwa juzi, na anunuaye aweza kuwa mpita njia asiyejulikana na mtu. Macho ya wazee hayapo tena mle ndani. Ndipo maandishi yakapewa kazi ya macho yale.

Wala si sisi peke yetu. Huko Uingereza, mwaka 1393, Mfalme Richard wa Pili aliamuru wenye nyumba za pombe watundike alama nje ya milango yao, ili mkaguzi aliyetumwa kuionja pombe ajue mahali pa kuingia. Wakati huo watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo alama zilikuwa picha, kama za wanyama na taji, na hata leo nyumba za pombe za nchi ile zaitwa kwa majina ya picha hizo. Huko Ethiopia, mwenye kuuza pombe ya kienyeji iitwayo tela huchomeka mti mbele ya mlango wake na kufunika kopo juu yake, na kila apitaye ajua kilichomo. Mambo haya yatufunza kwamba alama ya mlangoni ina kazi mbili. Yamwita mnunuzi, na pia yamwonyesha mwenye mamlaka mahali pa kukagua. Nyumba inayotaka kazi ya kwanza na kuikataa ya pili yataka faida bila wajibu.

Hapa kwetu pia sheria za pombe zina historia yake. Wakati wa ukoloni kulikuwa na sheria iliyomkataza Mwafrika kunywa pombe kali za Kizungu, eti kwa kumlinda. Sheria ile ilitazama rangi ya mtu, na watu walikuwa na haki ya kuichukia. Sheria ya sasa haitazami rangi wala kabila wala mali. Yatazama umri tu. Basi tusiidharau hii kwa sababu ya ubaya wa ile.

Na tusidhani kwamba maandishi ni mchezo wa makarani. Mwezi wa Februari 2024, katika kijiji cha Kangai huko Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu. Kabla yao, mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika vijiji vya Mukuru, Nairobi, kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Sumu inayoua katika pombe za namna hii mara nyingi ni methanoli, ambayo mtu hawezi kuitambua kwa kuonja. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho, hata mnywaji huamka haoni, kama akiamka. Chombo kisicho na jina hakina wa kuulizwa. Lakini chupa yenye jina la kiwanda na maneno yaliyoagizwa, iliyonunuliwa katika nyumba yenye leseni ukutani, ina watu wawili wa kushikwa. Karatasi haiwezi kuiondoa sumu. Kazi yake ni kutuonyesha mlango wa kwenda kubisha siku ya msiba, na kwa sababu hiyo yamfanya mwenye mlango aogope kabla ya siku hiyo.

Turudi sasa pale kivulini. Kwa kuwa gari lilikuwa halijafika, nilivuka barabara nikamwendea mwenye baa, ambaye ni mtu mpole na mwenye adabu. Nikamwuliza kwa upole kama ana ile ilani ya umri. Akasema anayo. Nikamwuliza iko wapi. Akainama chini ya meza, akasogeza kreti mbili, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na leseni yake na ile ilani, zote safi kama siku zilipotoka kwa mpiga chapa.

"Naziweka hapa, Bwana, zisichafuke kwa moshi wa nyama," akasema.

Nikamwambia kwamba kwa kuzihifadhi hivyo anazikosesha kazi yake. Akanijibu kwa maneno mawili ambayo nimeyasikia kwa wafanyaji biashara wengi, nami nataka kuyajibu hapa kwa haki.

Neno la kwanza ni hili: "Kibao hakina mikono. Hakiwezi kumkamata kijana mlangoni." Kweli, hakiwezi. Lakini mtazame yule msichana anayeuza, aliyeajiriwa kwa mshahara mdogo. Saa 3 ya usiku anaingia kijana wa miaka 16, mrefu, mwenye fedha za kuchuma chai mfukoni na wenzake watatu nyuma yake. Msichana akimwambia, "Sikuuzii," kijana atauliza, "Kwa nini? Wewe ni nani?" Kama ilani iko ukutani, msichana hana haja ya kugombana. Ataonyesha kwa kidole na kusema, "Si mimi, ni ile." Maandishi humpa mnyonge mahali pa kuegemea. Mwenye baa akiyaficha, amwacha mtumishi wake apigane peke yake.

Neno la pili ni zito zaidi. Alisema, "Mimi nimelipa leseni, nakaguliwa, na kila kosa langu laonekana. Huko nyuma ya migomba watu wanauza chang'aa bila kibao, bila leseni, wala hakuna awaulizaye. Mbona sheria yanielemea mimi?" Sitaki kulipuuza neno hili, kwa maana lina uchungu wa kweli. Tena wajua kwamba miongoni mwa wale wauzao nyuma ya migomba wamo wajane wanaotafuta karo ya watoto. Lakini nilimwuliza, "Bwana, kwa macho ya mpita njia, wewe watofautianaje nao?" Tofauti yake yote ilikuwa ndani ya bahasha, chini ya kreti. Mtu mwenye leseni akiificha leseni yake amejipeleka mwenyewe nyuma ya migomba. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukuta wake ulikuwa umejaa maneno ya kujitembeza, na lile moja la kumshuhudia kuwa mtu wa halali alikuwa amelilaza gizani.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akaomba misumari kwa jirani.

Wakati huo mzee na mjukuu wake walikuwa wamesogea kutazama nini kinaendelea. Mtoto alisimama nje ya kizingiti, kama ipasavyo, maana sheria yakataza mtoto kuingia mahali pa kunywea. Ilani ilipokwisha kupigiliwa karibu na mlango, mzee akamwambia, "Haya, soma na hiyo." Mtoto akasoma polepole, neno kwa neno, hata mwisho. Kisha akamgeukia babu yake akasema, "Kugo, hii yanisema mimi."

Mzee hakucheka safari hii. Alisema tu, "Basi ikumbuke kuliko zile nyingine."

Wasomaji, natoa mashauri machache, nayo hayamgharimu mtu fedha nyingi.

Kwa mwenye nyumba ya pombe: itundike leseni yako mahali ambapo mtu anayesimama mlangoni aweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Ukiogopa moshi, nunua kioo na fremu. Ibandike ilani ya umri pale pale pauziwapo pombe, usiibandike mahali patakapofunikwa na kalenda. Ukiona kwamba wateja wako wengi ni wazee wasiojua Kiingereza, ongeza maneno hayo kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis. Na unapomwita mchoraji aje kupaka ukuta kwa picha za bia, kumbuka kwamba mtoto anayepita kwenda shule husoma kila kitu, maana ndivyo alivyofundishwa. Kabla hujaandika "nyote," fikiri ni nani watakaolisoma.

Kwa mkulima na mama wa nyumbani: usione haya kuuliza, "Leseni yako iko wapi?" Hilo si tusi. Ni kama kuutazama mzani katika kituo cha kupimia majani. Hatumwonei karani wa mzani tunaposogea kusoma namba, naye akiwa mwaminifu hufurahi tukisogea. Tena, kabla nyumba mpya ya pombe haijafunguliwa, sheria ya 2010 iliagiza majina ya waombaji yatangazwe hadharani kabla ya kamati kukaa, na kumpa mtu nafasi ya kupinga. Watu wengi hulalamika baa ikiwa imekwisha jengwa karibu na shule, hali tangazo la ombi lake lilipita mbele ya macho yao nao hawakulisoma. Kupima mita 300 kwa hatua kabla ya msingi kuchimbwa ni rahisi kuliko kubomoa nyumba baadaye.

Kwa makarani na walimu, ambao ndio macho ya vijiji vyetu: mnapoketi na wazee wasiojua kusoma, wasomeeni maandishi haya. Msiwasomee magazeti na barua za watoto wao peke yake. Mzee akijua kilichoandikwa mlangoni, ataweza kumwambia mwenye mlango, "Ndugu, mbona hutimizi neno lako mwenyewe?" Na hakuna mfanyaji biashara apendaye kuulizwa hivyo mbele ya watu siku ya soko.

Najua kwamba wapo watakaosema kuwa haya ni mambo madogo, na kwamba ulevi hauponywi kwa misumari minne na kipande cha karatasi. Hayo ni kweli. Ulevi una mizizi yake katika umaskini, katika uvivu, katika huzuni, na katika fedha za bonasi zinazofika siku moja na kuondoka juma hilo hilo. Lakini tumewapeleka watoto wetu shule ili wasome, nao wanasoma. Wanasoma kuta zetu kabla hawajasoma vitabu vyetu. Tukiwaandikia kila neno la kuwaita na kuwaficha neno moja la kuwakataza, hatutaweza kuwalaumu siku watakapotuambia kwamba walitii maandishi.

Kwaherini hata juma lijalo.